Mama Yupi?

Binti yangu alilala kifudifudi kwa sababu upande mwingine haukulalika. Kalio la kulia lilikuwa limevimba na kuwiva, likitoa usaha, na harufu ilijaa chumba cha daktari. Homa ilimpanda mpaka anaongea ovyo.

"Nani alikuchoma sindano?" daktari aliuliza.

"Mama."

Daktari akanigeukia kama nimeua mtu.

Kwetu binti ana mama wawili: mimi niliyemzaa, na mdogo wangu mwenye saluni, ambaye alisimama nyuma yangu kakumbatia mkoba. Mimi nilikuwa nimeambiwa ni jipu tu.

"Mama yupi, Kidosho?" nikauliza.

"Mama wa saluni. Alisema likiwaka moto ndiyo dawa inakamata. Kalio litajaa vizuri, nipate shepu."

Mdogo wangu akacheka kidogo. "Dada, mtoto ana homa huyo. Anaota."

"Na hii harufu naiota mimi?"

Daktari alikuwa anavaa glavu. "Mtagombana baadaye. Nampasua sasa hivi, nyama iliyokufa siiachi. Lakini lazima nijue kilichoingizwa humu. Sumu ikishatembea kwenye damu, tunampoteza."

Mdogo wangu akaanza kurudi nyuma. Mlango ni mmoja tu, nami nilimtangulia. Nikauegemea kwa mgongo wote.

"Nipishe, dada. Nikisema watanifunga."

"Najua."

"Una mdogo mmoja tu!"

"Na binti mmoja. Sema."

Akapapasa kitasa ubavuni mwangu. Mwili huu aliouita tenki miaka yote haukusogea.

"Mafuta," alisema hatimaye. "Ya kulainisha nywele. Lakini niliyachemsha!"

"Na sindano ilikuwa mpya?" daktari aliuliza.

"Ni ile ninayotumia kwa wateja."

"Wateja gani?"

Manesi wakagonga mlango wakiwa na kitanda cha magurudumu, ikabidi niondoke mlangoni. Wakampakia Kidosho, daktari akawafuata, na mlango ukabaki wazi.

Mdogo wangu aliutazama. Mimi sikumzuia tena. Akakaa sakafuni, akatoa simu.

"Shoga, uko wapi? Usibaki nyumbani. Njoo hospitali, njoo leo, hata kama kalio bado haliumi. Sikutanii, wallahi."

Upande wa pili nilisikia mwanamke akicheka.