Mkwe Mbele, Mkwe Nyuma

Siku dada yangu Yustina alipozikwa ng'ambo ya ziwa Kitangiri, mimi nilikuwa huku Tulya, nimekaa ndani ya boti isiyokwenda. Nimeshika chuma nisichokijua, na nyuma yangu ameinama mume wa binti yangu. Jina lake sitaliandika. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwe wake, hamtazami usoni, wala hasemi naye ana kwa ana. Kukiwa na neno, hulipeleka kupitia mtoto au jirani. Siku ile hapakuwa na mtoto wala jirani; watu walikuwa wamekwenda mnadani Shelui, pamoja na Enock, dereva wa boti hiyo ya kikundi chetu cha akina mama.

Binti yangu Rebeka alikuwa ng'ambo akimuuguza mama yake mkubwa. Ndiye aliyempigia mumewe huko Sekenke, anakotengeneza mashine za kusaga mawe ya dhahabu, akamwambia amlete mama, maana maiti haiwezi kulala na joto hili. Barabara ya kuzunguka ziwa ilikuwa imekatwa na mto. Ikabaki boti.

Mama yetu alituzaa wawili tu. Nilitaka nimwone dada yangu uso kabla jeneza halijafungwa, na nimtupie udongo. Basi.

Sasa boti yenyewe. Pembeni mwa usukani ina mkono mmoja wa chuma. Ukiusukuma mbele kidogo gia inaingia, ukizidi kuusukuma mafuta yanaongezeka. Ukiuvuta nyuma ni rivasi. Kutoka kwenye mkono huo nyaya mbili zinakwenda mpaka kwenye injini, mmoja wa gia, mmoja wa mafuta. Za zamani zililiwa na kutu. Enock alifunga mpya, akaziacha hivyo hivyo bila kuzipima, akaenda zake kula nyama mnadani.

Mume wa Rebeka aliniamkia akiwa amechuchumaa nyuma ya matete, amenipa mgongo. Nikaitikia marahaba huku natazama maji. Kisha akaanza kuzungumza na tenga la samaki lililokuwa kati yetu. Akaliambia kwamba kazi hii inataka watu wawili, mmoja kwenye mkono mbele, mwingine kwenye injini nyuma, na kama yupo mtu hapa mwenye nafasi, apande akae mbele. Nikapanda. Nilijifunika kanga mpaka kichwani, nikawa kama mzigo uliosahauliwa.

"Tenga," akasema, "aliye mbele aambiwe aweke mkono frii."

"Tenga, wa nyuma aulizwe frii ndiyo wapi."

"Katikati, pale gia isiposhika mbele wala nyuma."

Nikauweka katikati, kwa jinsi nilivyoiona mimi katikati. Yeye hakugeuka kuhakikisha. Angegeukaje na mimi niko pale? Akaizungusha ncha ya waya wa gia mpaka tundu lake likaingia kwenye kipini cha injini, akakaza nati, akawasha. Nikaambiwa nisukume mbele. Gia ikakwaruza kama mtu anayeparuza sufuria, haikuingia, injini ikapiga kelele pale pale. Nikaurudisha mkono, na boti ikaanza kurudi kinyumenyume yenyewe mpaka ikalalia matete.

Akazima. Akafungua nati, akapima upya, tenga likaambiwa katikati, nikaweka katikati. Akawasha. Safari hii mbele ikaingia nusu ikachomoka, na rivasi ikakataa kabisa. Akafungua tena. Mimi jua nalitazama linapanda, na moyoni naona watu wanaanza kukusanyika, wanawake wanaimba, fundi wa jeneza anachukua misumari.

"Tenga," nikasema, "kumbe mashine za Sekenke hazina gia? Jua nalo linapanda."

Spana ikasimama kidogo. "Tenga, mwambie kule Sekenke mawe hayaniulizi jua limefika wapi."

Nilistahili. Tukarudia tena na tena, kila mara vibaya kuliko mara iliyopita. Akalalamika kwa tenga kwamba nyaya hizi ni mbovu tangu dukani. Mimi nikamlaumu Enock, nikalilaumu ziwa, nikamlaumu hata Yustina kwa kuolewa ng'ambo. Mwishowe, kwa hasira, nikaupiga ule mkono kofi kutoka mbele. Ukarudi kidogo tu, ukalia tak, ukaganda. Nikausukuma, haukutoka. Mpaka nilipobonyeza kitufe chini ya kishikio ndipo ukatoka.

Nikaurudisha. Tak. Hapo ndipo ilipokuwa frii. Tangu mwanzo nilikuwa nauweka mbele yake, mara kidole kimoja, mara viwili, na yeye anapima waya kwa kuifuata mikono yangu asiyoitazama.

Aibu ikanijaa. Nitaliambiaje tenga?

"Kitendawili," nikasema.

Mtu aliyelelewa hawezi kukiacha kitendawili kikining'inia.

"Tega," akasema.

"Ng'ombe wangu nilidhani amesimama mlangoni mwa zizi, kumbe kichwa kimeshatoka kuelekea malishoni."

"Tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

Nikasikia anavuta pumzi ndefu. "Na sasa?"

"Yuko mlangoni. Amegoma kutoka."

Tangu amwoe Rebeka hatukuwahi kujibizana namna ile bila mtu katikati. Nadhani wote tulishtuka, maana aliangusha spana.

Akapima upya. Akazungusha propela kwa mkono, ikazunguka bila kushika. Nikasukuma mbele, ikashika, nyuma, ikashika, katikati, huru. Akaliambia tenga kwamba waya wa mafuta bado, umekazwa mno, kasi ya injini ikipanda haitashuka. Inabidi ulegezwe kwanza.

Jua lilikuwa limeshageuka.

"Twende hivyo hivyo," nikasema, na sikulisemea tenga.

Tulivuka, mimi kwenye usukani, yeye nyuma kwenye injini, kwa kelele ambazo sijawahi kuzisikia. Hata niliporudisha mkono nyuma kidogo, injini iliendelea kulia vile vile. Karibu na ufuko ikabidi aizime kabisa, boti ikaserereka mpaka ikakwama kwenye tope. Nikashuka majini, naye akatazama pembeni mpaka nilipofika nchi kavu.

Nilipanda kilima nikiwa na tope hadi magotini. Jeneza lilikuwa limeshashushwa. Ila vijana walikuwa wameegemea makoleo, hawajafukia, na Ignas, mume wa dada yangu, amesimama mbele yao amenyoosha mkono.

"Tulisikia injini inalia katikati ya ziwa kama inachinjwa," akaniambia. "Nikasema huyo ni shemeji, msifukie."

Rebeka akanishika mkono nisije nikaanguka. Uso sikuuona. Walikuwa wamepigilia misumari wakati mimi nimekaa kwenye boti napiga chuma kofi. Nikachota udongo, nikautupa, ukagonga ubao. Kisha nikamwamkia, shikamoo dada, kama nilivyomwamkia maisha yangu yote, nikabaki nimeinama, mwili bado unasubiri aitikie.