Mwenye Ng'ombe Hukamua Kwanza

Nyale alikuwa mtu wa kupenda makuu, na Garsen nzima ilimjua hivyo. Ndiyo maana alinunua gari dogo la kifahari, viti vya ngozi na paa la kioo, na ndiyo maana sasa alitaka kuliuza mbiombio kabla halijamwaibisha.

Asubuhi hiyo fundi Dzombo alichomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, namba za hitilafu zikajitokeza.

"P0456, kifuniko cha tangi hakijabana. P0420, ekzosi imeanza kuchoka. Hizo zisikunyime usingizi," Dzombo alisema. "Lakini hii inayoanza na C ni ya breki. Kile kifaa kinachousaidia mguu wako kinakufa. Siku moja utakanyaga ukute pedeli ngumu kama jiwe, na gari linakwenda."

"Zifute zote."

"Nikifuta nimefuta taa tu, Nyale. Ugonjwa uko palepale."

"Mnunuzi yuko njiani. Futa, bwana!"

Dzombo akabonyeza, akasonya, akaondoka bila kuaga. Taa zote zilikuwa zimezimika. Nyale alipangusa dashibodi kwa leso, akajiambia kwamba mnunuzi naye atajuana na fundi wake. Mwenye gari bovu hakosi la kujitetea.

Mnunuzi alikuwa Mzee Halkano, mfugaji wa Kiorma kutoka Chewele, aliyetaka gari la kuwapelekea wajukuu wake shule. Alilizunguka kama anayezunguka fahali mnadani, akagonga milango, akainama kutazama magurudumu. Dama, mkewe Nyale, alikuwa ameleta chai, na binti yao Kahaso amemshika kanga.

"Mimi nikinunua ng'ombe ya maziwa, sikamui," Halkano alisema. "Mtoto ya mwenyewe anakamua kwanza. Kama inapiga teke, ipige yeye." Akacheka. "Mama Kahaso, ingia na mtoto. Twende mpaka darajani, turudi."

Dama hakungoja kuambiwa mara mbili.  Nyale aliuona akilini mteremko wa daraja, malori yanavyopita pale, na ng'ombe wanavyojivukia barabara kama yao.

"Mtoto ana mafua," akasema.

"Mafua gani?" Dama alimshangaa huku akimpakia Kahaso.

"Basi niendeshe mimi, mzee."

"Hapana. Wewe simama hapo, mimi naangalia uso yako."

Nyale akajitahidi kutabasamu. Juzi breki zilishika. Jana zilishika. Kwa nini zisishike leo? Akinyamaza kidogo tu, jioni gari halitakuwa lake tena wala shida haitakuwa yake. Injini ikanguruma. Gari likaelekea langoni, likaanza kushika mwendo, na Kahaso akampungia mkono nyuma ya kioo.

Uvumilivu ukamwisha. Alikimbia akalikatia gari njia, akasimama langoni mikono juu.

"Breki! Breki mbovu!"

Halkano alikanyaga. Gari likaendelea kuja. Akakanyaga kwa miguu yote miwili, likaburura mchanga, likasimama bampa ikiwa imegusa magoti ya Nyale.

Mzee akazima injini, akashuka, akamwekea ufunguo kiganjani. Hakuwa na hasira.

"Ng'ombe yako inapiga," akasema, akachukua bakora yake na kushika njia.

Dama alikuwa bado kitini, amemkumbatia mtoto kwa nguvu.

"Baba Kahaso, ulijua?"

"Nimeambiwa leo asubuhi. Nimewaokoa, Dama, si umeona?"

"Na kama asingetaka sisi tupande? Wale wajukuu wake ungewatia humu?"

 Aibu ilimpanda Nyale mpaka masikioni.

Dama akashuka na Kahaso mkononi. Alipofika karibu na mumewe alimhamishia mtoto mkono wa pili, ule wa mbali naye, akapita.