Imeonjwa na Xavérine

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, dukani kwa Fortunatus pale Kabeza, Kigali, Xavérine hufungua chupa za divai na kuonja kabla ya wageni. Kwetu Rwanda anayekukaribisha kinywaji hukinywa yeye kwanza, ujue hakina sumu. Chupa aliyoionja hubandikwa karatasi ndogo yenye jina lake. Jina hilo ndilo mali yake, na anajua thamani yake. Alikulia Dodoma katika mashamba ya zabibu, na Kigali nzima hajaonekana wa kumshinda ulimi.

Akimeza, mzabibu uliozaa divai ile huota mezani, kwa umri wake halisi. Glasi zikikauka hunyauka, ukafagiliwa. Wageni wamezoea, husogeza tu simu zao.

Jumamosi iliyopita alianza na Grenache, divai nyekundu, ya mizabibu mikongwe. Akaizungusha glasi, akanusa, akanywa. Ilikuwa na stroberi zilizoiva sana, pilipili manga, na udongo mkavu nyuma kabisa ya ulimi. Shina nene kama paja, limejipinda, likapasua kitambaa cha meza. Lilikuwa na vishada vitatu tu.

“Miaka mia na nne,” alisema. “Ng'ombe hazeeki maini.”

Wageni walikunywa hadi tone la mwisho. Xavérine alifurahi mpaka akatabasamu peke yake.

Ndipo Fortunatus akaleta Grenache nyingine, aliyokuwa ameiagiza kontena zima. Lebo ilisema mizabibu ya miaka mia. Wanjiru, anayenunulia hoteli vinywaji, alikuwa amekuja kwa ajili ya divai hiyo. Xavérine akanywa. Sukari na mbao mpya. Mezani ukaota mche mwembamba kama kidole, umefungwa kwa kamba ya plastiki kwenye kijiti.

“Miaka mitatu,” alisema.

Fortunatus aliutazama mche. “Kwa karatasi iko mia moja.”

“Karatasi haina mizizi, bosi.”

“Umekunywa ama hujakunywa?”

“Nimekunywa.”

“Iko na sumu?”

Hasira ilimpanda Xavérine hadi masikioni. Miaka yote hiyo alidhani wanausikiliza ulimi wake, kumbe walikuwa wakingoja kuona kama ataanguka.

“Haina,” alisema, kwa kuwa haikuwa nayo.

“Basi, iko sawa.”

“Mimi nitachukua katoni arobaini,” alisema Wanjiru. “Na hako kamti mkasongeze kidogo, kananiziba.”

Mche ukasogezwa. Fortunatus akaketi na kubandika vikaratasi, kimoja kimoja, chini ya ile miaka mia: Imeonjwa na Xavérine. Hapakuwa na uongo hapo.

Xavérine alizunguka na chupa, mgongo umenyooka. “Miaka mitatu,” alimwambia kila aliyemmiminia.

“Yego, ndiyo, asante,” walimjibu, wakasoma jina lake kwenye chupa, wakanywa bila wasiwasi.