Kigingi Kwenye Gurudumu

Wewe unaupita ukuta ule kila asubuhi, na ukiufikia unageuza uso kama mtu aliyekutana na mkwe wake akiwa hajavaa shati. Usiseme hujauona. Ukuta mrefu wenye vipande vya chupa juu yake, uliotoka uani kwa mtu ukaingia hadi katikati ya barabara, unakosaje kuonekana? Unajua vilevile kwamba barabara ile ilikuwa imenyooka kama uzi wa mwashi, na kwamba leo ikifika pale inajikunja ghafla, ndiyo maana watu wanapaita Kiwikoni. Umeona viatu vimebaki njiani pale, kimoja huku, kimoja kule. Ukapiga honi, ukapita.

Mama Mizani hakupata nafasi ya kugeuza uso, na habari yenyewe ni yake.

Jina hilo alipewa na waendesha pikipiki kwa ajili ya kazi yake. Karakana ilikuwa chumba kimoja chenye mlango wa bati na sakafu iliyokunywa oili mpaka ikakinai. Mafundi wengine hukufungia tairi mpya, wakatia upepo, wakapiga teke la kuagana na kukwambia nenda. Yeye hakumwachia mtu pikipiki kabla ya kulisawazisha gurudumu. Alilipitishia ekseli, akaliweka juu ya vyuma viwili vilivyosimama, akalisukuma kwa kidole na kulisubiri. Upande mzito hushuka wenyewe, hauhitaji kubembelezwa. Alitia alama ya chaki, akafunga kipande cha madini ya risasi upande wa pili, akasukuma tena. Aliendelea hivyo hadi gurudumu likawa linasimama popote linapoachwa. Alizoea kusema kwamba gurudumu lililosawazishwa halina upande linaoupenda, na kwamba angepata watu wa namna hiyo angewapa uongozi.

Kitindamimba wake naye alikuwa mwendesha pikipiki. Asubuhi moja mama alimfungia tairi jipya la mbele, akalinganisha lile doa la njano na mdomo wa upepo kama inavyotakiwa, akasawazisha, akamfuta kijana vumbi begani. Kabla ya adhuhuri watu walimleta kutoka Kiwikoni wakiwa wamemfunika. Lori lilikuwa limeibuka nyuma ya ukuta, mahali ambapo hata kunguru hawezi kuona kinachokuja.

Mkaguzi wa barabara alifika akiwa na kalamu mbili mfukoni. Alilitazama lori, akalitazama gurudumu la pikipiki, akaupa ukuta mgongo kwa sababu kulikuwa na kivuli kizuri cha kuandikia. Akasema gurudumu la mbele lilicheza. Balansi mbaya, akasema, na maneno hayo yakatangulia kufika mtaani kabla ya jeneza.

Hakuna aliyemtamkia Mama Mizani kitu usoni. Wateja walikuwa na haraka tu, au walikuwa wamesahau tairi nyumbani. Alipofika bombani kuteka maji mazungumzo yalikatika, na mtu mmoja alikumbuka kumsifia ndoo. Alijua wanachosema akiwapa kisogo: kwamba mkono uliomlea ndio uliomzika. Usiku hakulia sana. Alilirudia gurudumu lile kichwani, akalisukuma kwa kidole, na kila mara likasimama pale alipoliacha.

Kitu kimoja alikuwa nacho. Zamani wapima ardhi walipigilia kigingi cha chuma ukingoni mwa barabara kuonyesha inapoishia. Mwenye Ukuta alipojenga, vibarua wake waliking'oa na kukitupa mtaroni. Kijana ndiye aliyekiokota na kumletea mama yake awe anagongea vyuma juu yake. Baada ya msiba kigingi hicho kiligeuka ushahidi. Mama Mizani alikifunga kwa kitambaa safi, akakibeba begani ofisi hadi ofisi. Ya kwanza ilimwambia hapokelewi mtu na chuma chakavu. Ya pili ilimtaka amlete aliyekipigilia, ambaye alikuwa amekufa tangu enzi za suruali pana. Katika ya tatu, karani alikiegemeza mlangoni upepo usiupigepige, akaenda kunywa chai, na mama akangoja mpaka chai ilipoisha na saa za kazi nazo zikaisha.

Basi kikarudi karakanani.

Risasi ilipokaribia kumwishia, duka lililokuwa likiiuza lilikuwa limefungwa. Siku hiyohiyo akaja Chapchap, mwendesha pikipiki mwenye mdomo usio na breki, mteja wa mwisho aliyembakia kwa sababu alikuwa rafiki wa marehemu. Alikuwa na tairi mpya mbili na abiria wa kumpeleka, mwalimu wa kike mwenye kikapu cha madaftari. Mama Mizani alifunga tairi, akafungua kopo la risasi, akakuta vumbi. Alikitazama kigingi. Ushahidi usiotazamwa ni chuma tu, akajisemea. Akakibana kwenye jiliwa, akachukua msumeno, akakata vipande viwili vyembamba, akavitoboa na kuvifunga kwa waya kwenye njiti za magurudumu.

Yote mawili yalikaa sawa kwa mara ya kwanza. Hilo halikuwahi kumtokea. Akaosha mikono.

Chapchap alipofika Kiwikoni alikata kona. Usukani ulikata, pikipiki haikukata. Ilikwenda moja kwa moja ikaingia ukutani kama mkono unavyoingia kwenye shati. Ndani kulikuwa na bustani ya maua, na baada ya bustani kulikuwa na sebule yenye makochi ambayo bado yalikuwa na nailoni zake za dukani. Mke wa Mwenye Ukuta alikuwa amekaa akikunja nguo. Aliinua miguu. Mwalimu alisema hodi, ingawa walikuwa wamekwisha kuingia, na mama mwenye nyumba akamwitikia karibu. Wakatokea upande wa pili, kwenye barabara ileile, mbele kidogo. Ukuta haukuwa na hata mkwaruzo. Mwalimu aliwahi kipindi cha kwanza.

Jioni Chapchap alirudi karakanani.

“Mama, magurudumu yako hayakati kona Kiwikoni.”

“Yakate ya nini? Barabara pale imenyooka.”

Chapchap alifikiri, akaona ni kweli. Akasema kuna jamaa zake wawili wana tairi zilizokwisha, je, awalete.

Aliwaleta, na hao wakawaleta wengine. Foleni ilitoka mlangoni, ikapita kwa fundi cherehani, ikazunguka nyumba. Waliokuwa na haraka sasa walikuwa na subira. Waliosahau tairi nyumbani walikuwa wamekumbuka. Mama Mizani hakumkumbusha mtu lolote. Alikata, alitoboa, alifunga, alisukuma kwa kidole, na kigingi kilizidi kufupika.

Kwa Mwenye Ukuta pikipiki zilipita tangu alfajiri. Mkewe aliyasogeza makochi pembeni, akaomba mambo mawili: wafute matope bustanini kabla ya kuingia, na wasipige honi mjukuu akiwa amelala. Waendesha pikipiki ni watu wa fujo barabarani, lakini ndani ya nyumba ya mtu wana adabu. Wakawa wanafika pale wanatoa shikamoo, wanapunguza moto, wanapita.

Mwenye Ukuta mwenyewe aliongeza matofali ukuta ukapanda. Pikipiki zikapita. Akaongeza unene, zikapita. Akamwita mwashi aangalie kasoro iko wapi, mwashi akateremsha timazi juu hadi chini, akasema, “Mzee, ukuta wako hauna tatizo. Umesimama wima kuliko sisi wote.” Ndipo akaamuru wamwage zege sebuleni, kati ya televisheni na kabati la vyombo, akajenga tuta la kupunguza mwendo.

Waendesha pikipiki walimshukuru. Walisema hatimaye amepatikana mkubwa anayejali usalama wa raia. Abiria nao walipenda, maana pikipiki ikipunguza mwendo pale waliona vichwa vya habari. Ila Chapchap alipolileta jambo hilo karakanani, Mama Mizani aliweka msumeno chini.

“Kajenga tuta?”

“La zege. Na rangi nyeupe kalipaka.”

“Mtu hajengi tuta mahali pasipo na barabara,” akasema, akacheka. Hakuwa amecheka tangu mazishi. Alicheka hadi akashika meza, na foleni nzima ikamngoja amalize kwa heshima, kama inavyongojwa sala.

Neno hilo lilitoka likasambaa mtaani kwa mwendo uleule ambao lile la balansi mbaya lilikuwa limesambaa. Bombani watu walilisema mbele yake, tena kwa sauti.

Mwenye Ukuta hakuweza kulibomoa tuta bila kuonekana anabomoa, na anayeanza kubomoa ataulizwa mbona kaishia hapo. Akapiga simu. Kesho yake mkaguzi wa barabara alifika karakanani, kalamu zake mbili mfukoni, akatangaza kwamba anaifunga kwa kosa la kuharibu magurudumu ya watu. Foleni iliguna. Mama Mizani hakuguna. Alikuwa anatazama tairi la nyuma la pikipiki ya mkaguzi, ambalo lilikuwa limelika hadi likaonyesha nyuzi.

“Funga, mwanangu. Lakini kwa tairi hilo hufiki ofisini kusema umefunga.”

Mkaguzi alilitazama. Alikuwa na watoto. Akasema, basi, lifanyiwe hilo kwanza.

Akaletewa tairi jipya. Mama Mizani alilifunga mbele yake, doa la njano kwa mdomo wa upepo, akaliweka gurudumu juu ya vyuma na kumwambia alisukume mwenyewe. Akalisukuma. Upande mzito ukashuka. Mama akakata kipande cha kigingi, akafunga upande wa juu, akamwambia asukume tena. Gurudumu likasimama pale mkaguzi alipoliacha. Akalisukuma tena, na tena, zaidi ya ilivyohitajika, mpaka mmoja kwenye foleni akamwambia mkubwa, si pia ya kuchezea hiyo.

Mkaguzi akaondoka kurudi ofisini. Ilipofika Kiwikoni pikipiki ikaenda moja kwa moja. Sebuleni Mwenye Ukuta alikuwa amevaa fulana, anakunywa chai, na mkaguzi akalipanda tuta taratibu mbele yake, wakaangaliana, akashuka upande wa pili. Alipotoka nje alisimama. Aligeuka nyuma, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi akautazama ukuta ule, na ile kona ambayo mtu halioni lori mpaka limfikie kifuani. Kisha akarudi karakanani, safari hii polepole.

Foleni ilikuwa bado ipo. Akavua kofia.

“Mama, gurudumu la mwanao halikuwa na kosa.”

“Rudia. Wengine wako nyuma.”

Akarudia kwa sauti ya mkutanoni, na waliokuwa nyuma kabisa, kwa fundi cherehani, wakasikia. Hakuna aliyepiga makofi. Chapchap alipanda pikipiki yake akabonyeza honi na hakuiachia, na wengine wakabonyeza za kwao, honi moja ndefu iliyotoka mtaani ikapita bombani ikafika hadi sebuleni kwa Mwenye Ukuta. Mjukuu alikuwa amelala. Bibi yake hakukemea. Mama Mizani alisimama katikati ya kelele ile, mikono ina oili hadi viwikoni, kidevu juu, kama mtu anayepigiwa ngoma harusini kwake. Mkono uliomlea haukumzika. Sasa kila mwenye masikio alikuwa na habari hiyo.

Honi zilipokoma akamuuliza mkaguzi, je, ukuta.

Mkaguzi akavaa kofia. Akaeleza kwamba ukuta ni suala jingine, lina taratibu zake, kwamba hauvunjwi ukuta wa mtu bila kuonyesha mpaka wa barabara ulipo, na mpaka huonyeshwa na kigingi.

“Kigingi chenyewe kiko wapi?” akauliza.

“Kimo kwenye gurudumu lako.”

Mkaguzi aliinama akakiona, kipande kile kimefungwa kwa waya kwenye njiti, kinang'aa palipokatwa. Akakigusa. Akasema atalifikisha kwa wakubwa zake, akawasha pikipiki, akaenda zake kupitia sebuleni. Mpaka leo anapitia sebuleni kila asubuhi, anatoa salamu, anaitikiwa. Anasema njia hiyo inamwokolea muda sana.

Ukuta upo.

Pikipiki zinapita ndani yake na watu wamekwisha kuzoea. Wageni tu ndio huuliza, wakaambiwa ni njia, pandeni. Lakini miguu haifungwi kigingi. Wanaokwenda kwa miguu bado wanazunguka Kiwikoni, wenye mikokoteni wanazunguka, na watoto wa shule nao, wakishikana mikono. Mwalimu yule, siku aliyokosa pikipiki, alizunguka na kikapu chake. Lori likamvunja mguu, na madaftari yakabaki njiani yakipeperuka. Mkaguzi alikuja akaandika kwamba alikuwa anatembea vibaya.

Mama Mizani alipopata habari alikuwa amebakiwa na kichwa tu cha kigingi, kinachojaa ngumi, chenye alama ya wapima ardhi iliyogongwa juu yake. Foleni ilikuwa inangoja. Akawaambia hiki hakikatwi. Akavuta mlango wa bati, akakitia kichwa cha kigingi kwenye mfuko wa aproni, akachukua nyundo mbili kubwa, akatoka mchana kweupe na foleni nzima nyuma yake.

Kwa gurudumu ukuta ule ni hewa. Kwa nyundo ni ukuta. Pigo la kwanza lilimrudi mikononi. La pili likadondosha kipande kidogo kama ganda la yai. Chapchap akampokea, kisha akapokewa na mwingine. Tangu hapo wanapokezana, na tofali la kwanza limeanza kucheza.

Wako pale sasa hivi. Unawasikia, na shingo yako imekwisha kuanza kugeukia upande wa pili. Irudishe. Shuka. Nyundo ya pili imelazwa chini, mpini wake umeelekea kwako. Iokote, upige.