Nyumba ya Mama Drocella Bado Haijatua

Jumanne moja, saa nne asubuhi, Mama Drocella alikuwa amekaa mlangoni pake anamenya viazi, mita arobaini juu ya kijiji cha Kibabi, aliposikia mtu anapiga hodi kutoka chini. Akaweka kisu, akachungulia. Alikuwa Thierry, agenti wa tume ya ardhi kutoka Goma, mwanaume wa makamo mwenye kitambi, begi mgongoni na matope mpaka magotini.

"Karibu, Papa," Mama Drocella akamwambia. "Ngojea kwanza wanaume bavute."

Wanaume wanane, wakiongozwa na jirani yake Papa Habumugisha, wakaivuta nyumba kwa kamba ya ng'ombe mpaka ngazi ikagusa udongo. Thierry akapanda huku akihema. Akapewa kiti, akapewa maziwa, akaulizwa habari za bibi na watoto, maana mgeni ni mgeni hata akija kwa ngazi.

Nyumba hiyo ya mbao ilikuwa imekaa chini miaka mingi bila kumsumbua mtu. Marehemu mume wake aliitwa Nzabandora. Kile kipande cha mlima babu wa huyo Nzabandora alipewa na mwami, mtawala wa huku, naye akatoa mutulo: mbuzi mmoja na vibuyu viwili vya pombe ya ndizi. Ndivyo ardhi ilivyopatikana huku siku hizo. Mbuzi akaliwa, pombe ikanywewa, watu wakapiga makofi, basi, kwisha. Nani angeomba karatasi wakati nyama imekwisha kuiva? Halafu miaka mitatu iliyopita akatokea bwana mmoja wa mbali, ambaye Kibabi hawajawahi kumwona hata kisigino. Alituma karatasi yenye mihuri minne, inayosema kwamba kuanzia chemchemi mpaka mikaratusi ni konsesyo yake, ardhi aliyopewa na serikali. Ikasomwa kwa sauti kubwa: tangu leo, jengo lolote la mtu mwingine haliruhusiwi kugusa udongo huu.

Marehemu Nzabandora alikuwa katekista, mtu wa kutii mpaka anaudhi, na nyumba aliyoijenga kwa mikono yake ilirithi tabia. Siku ileile, saa kumi, ikajing'oa. Ikapanda pamoja na kitanda, maharagwe, kuku mmoja na Mama Drocella mwenyewe. Mawe matatu ya jiko, yaliyokuwa nje nyuma ya nyumba, yakabaki.

Haina injini. Inaelea juu ya upepo tu, ambao huku mchana hupanda mlima na jioni huteremka. Majirani hawakushangaa, walikuwa na malalamiko mawili, kivuli kwenye maharagwe yao na maji machafu ya vyombo. Jamani, upande wa Walikale ndege zinatua katikati ya barabara na watu wanazipisha na baiskeli zao. Nyumba ya mbao ni kitu gani?

Mama Drocella hakutaka kuelea. Alitaka udongo wake, na karatasi yake yenye mihuri hata miwili tu. Akapeleka kesi kwenye tume. Wakili wa yule bwana akasimama akasema mama huyu alihama kwa hiari yake, njooni mwone, pale chini hakuna nyumba. Tume ikafikiri sana. Mwishowe ikaamua kwamba mama athibitishe kuwa bado anaishi pale pale. Thierry akatumwa kufunga kwenye boriti kisanduku cheusi kidogo, cha aina inayofungwa kwenye ndege zisizo na injini ili kiandike zimepita wapi na kwa kimo gani. Miezi mitatu ilikuwa imekwisha. Sasa alikuja kuyahamisha yale yaliyoandikwa mpaka kwenye kompyuta ndogo ya mkononi, na Ijumaa tume ingekata neno.

"Kama kisanduku kinasema niko hapa, batanirudishia?" Mama Drocella akauliza.

"Mama, kisanduku akinaka bongo, kinasema kweli tu," Thierry akasema. Akaunganisha waya.

Kompyuta haikukubali kuanza bila kujibiwa maswali. Aina ya ndege? Ilikuwa na orodha ya aina arobaini, zote za Ulaya, hakuna hata moja ya mbao za mikaratusi. Akachagua "nyingine".

"Piloti njo nani?"

"Akuna. Iko najiendea."

Akaandika: Drocella.

"Kuko mutu mwingine mu ndege?"

"Kuku."

"Anafanya kazi gani?"

"Anataga."

Akaandika: wasaidizi, mmoja. Kompyuta ikaridhika, ikaanza kuvuta. Asilimia tatu. Asilimia nne. Thierry akaeleza kwamba waya usiguswe mpaka ifike mia, la sivyo kila kitu kitafutika. Mama Drocella akaacha kumenya viazi kabisa, akakaa mikono mapajani, akauangalia ule waya bila kupepesa. Aliogopa. Aliogopa kuliko siku nyumba ilipopanda.

Ilikuwa asilimia thelathini na saba wakati jeep ya Prezida wa tume ilipofika, baada ya kukwama mara mbili pale Mushaki. Prezida akashuka, akafunga kifungo cha koti, akawanyooshea mkono wale wanaume, waliokuwa bado wameshikilia kamba.

Sasa, huku mkubwa hasalimiwi kwa mkono mmoja. Mkono mmoja ni wa kumsalimia mtu unayemdharau. Papa Habumugisha akampa mikono yote miwili, na wenzake saba, ambao nao walilelewa vizuri na mama zao, wakampa mikono yote miwili.

Nyumba ikaondoka.

"Tuko naenda wapi?" Thierry akauliza, ameushika waya kwa vidole viwili.

Mama Drocella akatazama mawingu. "Na hii upepo? Pinga."

Wakapita juu ya malisho, juu ya migomba, mpaka msitu wa Walikale ukaanza. Asilimia hamsini na tano. Pinga walipita chini chini juu ya soko. Mama mmoja muuza mawese akauliza kwa kelele kama kuna viazi vya Masisi. Mama Drocella akateremsha kikapu cha viazi kwa kamba, akavuta chupa ya mawese. Watu wa pikipiki wakapiga honi kwa sababu nyumba ilikuwa inawazibia njia.

"Itarudi?" Thierry akauliza.

"Itarudi. Kwao ni kule."

Na kweli, juu ya Pinga nyumba ikageuka pole pole, ikarudi dhidi ya upepo, mbao zikilia. Mama Drocella akakaanga viazi kwenye mbabula, jiko lake la makaa, kwa mawese mapya, akamlisha mgeni kijiko kwa kijiko, maana mikono yake ilikuwa na kazi. Saa kumi walikuwa juu ya Kibabi. Asilimia mia.

"Mukubwa alikuwa ananyoosha mukono, Mama," Papa Habumugisha akaita kutoka chini. "Ningefanya je?"

"Ile ulifanya," akamjibu, na alimaanisha hivyo.

Kwenye kioo kidogo ukatokea mchoro. Mstari mmoja ulikwenda Pinga na kurudi. Mingine yote ilizunguka mahali pamoja, mduara juu ya mduara, mpaka pamekuwa peusi kama tako la sufuria. Chini yake kulikuwa na mistari mifupi ya kushuka, mmoja kwa kila asubuhi, yote ikiishia mita moja kutoka ardhini.

"Hii ni nini?" Thierry akauliza.

"Inajaribu kutua," Mama Drocella akasema. "Kila asubuhi. Inafika pale juu ya mafiga, inakumbuka karatasi, inapanda."

Thierry akajifanya anakunja waya. Roho ilimuuma.

Ijumaa tume ikakaa chini ya miyenzi, ile miti ya kuonyesha mpaka, nyumba ikiwatilia kivuli. Prezida akautazama mchoro kwa muda mrefu, akampongeza Thierry kwa usafi wa kazi. Kisha akasoma. Tume inakubali kwamba mama huyu hajahama hata siku moja, isipokuwa Jumanne, kwa sababu za adabu. Tume inampa cheti cha makazi: Kibabi, hewani. Nyumba inapewa namba, ipakwe rangi ukutani, herufi ziwe kubwa.

"Na udongo?" Mama Drocella akauliza kutoka mlangoni.

Prezida akamwita Thierry aeleze. Thierry akaeleza huku akitazama viatu vyake. Kompyuta haiwezi kufunga safari mpaka ndege itue. Tume haiwezi kuamua juu ya safari ambayo haijafungwa.

"Basi nitue."

"Utue wapi, Mama?" Prezida akauliza kwa upole. "Udongo iko na mwenyewe."

Watu wakapiga makofi, maana neno lilikuwa limekatwa, na Prezida akapewa mbuzi.

Papa Habumugisha alipaka ile namba kwa rangi nyeupe, vizuri sana. Ng'ombe wa yule bwana hulala pale penye jiko. Kila asubuhi nyumba hushuka mpaka mita moja. Mama Drocella hulala kifudifudi mlangoni, huwafukuza ng'ombe kwa ufagio, hufagia mavi kwenye mawe yake matatu, hadi yote yawe safi. Kisha nyumba hupanda naye. Kule Goma, kwenye kompyuta ya Thierry, imeandikwa mpaka leo: safari inaendelea.