Sehemu ya Pacha

Fundi cherehani aliweza kukuambia ukubwa wa kiuno chako ukiwa bado mlangoni, lakini tumbo lake mwenyewe lilimshinda. Alishajaribu wiki ya kabichi, wiki ya maji ya ndimu, mwezi mzima bila wanga. Kilo zilitoka kwa kujivuta, zikarudi mbio. Magoti yalipoanza kugoma, muuguzi alimwambia:

"Dada, achana na hizo dayati. Kula ukisikia njaa, acha ukishiba. Basi."

"Nitajuaje kama nimeshiba?"

Muuguzi alicheka, akidhani anataniwa. Hakuwa akitaniwa.

Fundi alikuwa na miaka sita pacha wake alipokufa kwa homa. Siku ya tatu ya msiba mama alipakua sahani mbili kwa mazoea, mikono ikamganda. Kisha akazisogeza zote mbele ya aliyebaki. "Kula na ya mwenzio." Tangu hapo, miaka thelathini na minne, hakuna siku sahani ile ya pili ilipokosekana mezani. Watu walimwita mlafi. Watu bwana, midomo haina likizo!

Siku hiyo, baada ya kutoka kwa muuguzi, alikaa mezani na mama, akala polepole, akijisikiliza kama anavyoisikiliza cherehani inapokwama. Sahani ya kwanza haijaisha, tumbo likasema basi. Lilisema waziwazi, naye akaogopa. Sahani ya pili ilikuwa bado inafuka moshi, na begani mwake alihisi pumzi ndogo, pumzi ya mtoto anayesubiri zamu yake.

"Mbona umeacha?" mama akauliza.

"Nimeshiba, mama."

"Na mwenzio je?"

Aliweka kijiko chini. Kula kungekuwa rahisi kuliko kusema.

"Mwenzangu alikufa, mama."

Katika nyumba ile neno hilo lilikuwa halijawahi kutamkwa. Mama aliinua sahani ya pili kwa mikono miwili, akairudisha jikoni, akakaa huko hadi chakula kikapoa. Kesho yake alipakua moja.

Kilo zilianza kuondoka taratibu, na safari hii hazikurudi. Wateja walimpongeza: "Fundi, umepungua!" Aliitikia kwa tabasamu, kisha akajifungia chumba cha kujaribia nguo akalia, maana begani hapakuwa tena na pumzi, na alijua ni nani hasa aliyekuwa akiondoka.