Mpiga Fidla wa Ukutani

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe kumi na nne Machi, saa tatu asubuhi, mkurugenzi mpya wa ukumbi wa muziki aliposimama mbele ya ukuta wa jukwaani na kusema, "Weupe mtupu, Fundi. Zama zimebadilika."

Fundi hakushtuka. Miaka thelathini aliupaka ukuta ule, na kila serikali ilipobadilika, wakubwa wapya walibadilisha picha na muziki kwa mkupuo. Wa kwanza walitaka farasi, na fidla za kuwabembeleza waliokaa viti vya mbele. Waliofuata wakataka wafanyakazi wenye nyundo, na tarumbeta za kuamsha hata wafu. Huyu wa sasa kaleta muziki wenye vituo virefu vya kimya.

"Nimesomea kupuliza," mpiga tarumbeta alimnong'oneza, "sasa nafanya mazoezi ya kunyamaza."

Ila kati ya wale wenye nyundo alikuwapo mwanamke mwenye fidla. Ili amchore huyo, mchoraji alimkalisha mbele yake mpishi wa ukumbi, mke wa Fundi, ambaye fidla hakuwahi kuigusa. Aliishika kama mwiko. Sasa ni marehemu, mwaka wa pili, na picha nyingine hakuacha.

"Bosi, niachie huyu mmoja."

"Mzee wangu, nikikuachia mmoja, huo si weupe tena."

Wapaka rangi wana njia yao. Ukitaka picha irudi siku moja, unaifunika kwanza kwa chokaa isiyo na gundi, mkono mmoja tu, yaani tabaka moja, jepesi. Wakubwa wakiondoka, unaikung'uta. Fundi alipaka mkono mmoja usoni pa mkewe. Akaona haumkingi vya kutosha. Akapaka wa pili, na wa tatu, ndipo rangi nyeupe juu.

Jumatatu iliyofuata alibandua kidogo kwa kisu, kuhakikisha. Chokaa nzito ilikuwa imeivuta rangi ya chini. Gamba likamdondokea kiganjani. Upande wake wa nyuma lilikuwa na jicho la mkewe. Ukutani ilibaki saruji tupu.

Hakulia. Alilibeba hadi ofisini, akaliweka mezani, akaeleza.

"Basi chokaa umeizidisha mwenyewe," alisema mkurugenzi.

"Nimezidisha. Na aliyeniambia nifunike ni nani?"

"Ni mabadiliko, mzee. Hayamlengi mtu."

"Farasi walikuwa wa wale wa kwanza, nyundo za waliofuata. Mke wangu alikuwa anapika tu. Yeye alikuwa wa serikali ipi, hata afutwe?"